Niliiacha Mashine Itangaze Msiba Kama Bidhaa

Nianze na lile baya lenyewe, maana nikizungukazunguka nitapata pa kujificha. Mwanamume alikuwa amefukiwa na mawe, na wakati huohuo mimi nilikuwa nimesimama mbele ya ukumbi uliojaa watu, natabasamu, nawaonyesha picha ya msiba wake kama mtu anayeuza mitumba. Na watu walinipigia makofi.

Makofi! Mpaka leo nikisikia makofi, hata yawe ya harusi, natoka nje.

Jina langu sitaji. Mimi ni msichana wa upande wa Marani, nimepanga chumba Kisii mjini, na kazi yangu ilikuwa kuwaendeshea watu kurasa zao za mitandaoni. Duka la viatu, saluni, hoteli ndogo. Lakini walioniamini kuliko wote ni kikundi cha akina mama wa Tabaka wanaong'arisha vinyago vya mawe ya sabuni. Wanaume wanachimba jiwe shimoni na kulichonga, wao wanaketi na makarai ya maji na msasa, wanasugua jiwe mpaka linateleza mkononi.

Mwenyekiti wao ni Mama Nyakundi. Nyakundi ni kifungua mimba wake, mchongaji. Alikuwa mchongaji. Ona, bado nakosea.

Mwanzoni nilifanya kazi kwa haki. Wao wanatuma picha kwenye grupu letu la simu, mimi naitazama kila moja, naandika maneno yake, naposti. Nilikuwa najua kiboko kipi ni cha Nyakundi kwa sababu viboko vyake vilikuwa na masikio makubwa kupita kiasi. Mteja akiuliza, namjibu mwenyewe. Mama Nyakundi alikuwa akinipigia simu, "Mwanangu, maneno uliandika jana tumesomewa hapa, tumecheka mpaka maji ya karai yakamwagika!"

Halafu nikajifanya mjanja.

Nilijifunza kutumia programu fulani ya kuunganisha kazi. Huhitaji kujua lugha ya kompyuta hata neno moja. Ni vijisanduku tu, unaviunganisha kwa mistari. Picha ikiingia kwenye grupu, kijisanduku cha kwanza kinaichukua. Cha pili ni akili bandia, inaandika maneno ya kuvutia. Cha tatu kinaposti. Nikaongeza kingine cha kujibu kommenti: yeyote atakayeandika chochote, ajibiwe kwa furaha na aombwe oda.

Ilifanya kazi vizuri ajabu! Wateja waliongezeka. Mimi nikazima sauti ya grupu, nikaacha kabisa kulifungua. Mama Nyakundi akiniuliza, "Mwanangu, hauchoki kutuandikia hivi kila siku?" najibu bila haya, "Sichoki, mama. Kila picha nakaa nayo." Mungu wangu! Wiki nzima zilikuwa zinapita sijaangalia hata picha moja.

Nikapata jina mjini. Nikaitwa kufundisha vijana kwenye ukumbi wa hoteli moja hapa Kisii, jinsi ya kufanya biashara ijiendeshe. Nilivaa koti jipya. Simu nikaitia kimya, nikaitupa ndani ya mkoba. Nikafungua ukurasa wa akina mama kwenye kompyuta, ukaonekana mkubwa ukutani.

"Mimi nikilala," nikawaambia, "kazi inaendelea."

Na hapohapo, kama shetani alikuwa anangoja zamu yake, picha mpya ikatokea ukutani. Mawe. Vumbi. Watu wameinama, migongo imetuelekea. Na juu yake mashine imeandika: "Mzigo mpya umeshuka! Jiwe freshi kutoka shimoni, wahi kabla halijaisha!"

Kulikuwa na mvua ya juma zima. Mtu yeyote aliyezaliwa huku angetazama ile picha angejua. Mimi sikutazama. Nilitazama maneno tu, nikaona yametoka bila makosa.

"Mnaona?" nikasema. "Sijagusa kitu! Hawa mama zangu wanafanya kazi, na mashine yangu inafanya kazi."

Ndipo wakapiga makofi.

Kommenti ya kwanza ikaingia: "Jamani, Nyakundi yuko chini ya hayo mawe. Mwombeeni." Na chini yake, kabla sijamaliza kusoma, mashine ikajibu: "Asante sana kwa upendo wako! Tuambie unataka ngapi, tunakuletea popote!"

Mtu mmoja nyuma akacheka. Nadhani alifikiri ni mzaha. Ikaja nyingine: "Woi, Nyasae, Mungu wetu, atusaidie." Mashine ikajibu: "Karibu sana! Oda za leo zina ofa!"

Kijana mmoja akasimama. Anauza simu Nyamache, lakini mama yake ametoka Tabaka. Hakupaza sauti.

"Dada, toa hiyo kitu ukutani. Huyo ni mtu."

Nilichomoa waya, nikatoka nje na mkoba wangu. Simu ilikuwa imejaa simu za Mama Nyakundi. Kwenye grupu, juu ya ile picha, alikuwa ameandika maneno ambayo mashine haikufundishwa kuyasoma: "Shimo limebomoka, Nyakundi yuko ndani. Mwanangu, wewe ndiye unajua watu wa town, tutafutie tingatinga haraka."

Na kweli nilikuwa namjua mwenye tingatinga. Alikuwa mteja wangu.

Sasa sikilizeni kitu kinachonifanya nijitemee mate. Sikumpigia Mama Nyakundi kwanza. Sikumpigia mwenye tingatinga kwanza. Nilisimama pale kwenye ngazi za hoteli, nikafuta ile posti, nikaandika nyingine kwa vidole vyangu mwenyewe: "Ukurasa wetu umedukuliwa na watu wabaya. Tunaomba radhi." Nilijiosha mimi kwanza! Nikahakikisha imeingia, nikaisoma tena. Ndipo nikatafuta tingatinga.

Lilipofika Tabaka, walikuwa wamekwisha kumtoa kwa majembe na mikono. Alikuwa amekata roho. Wengine wanasema alikufa palepale jiwe lilipoanguka. Wengine wanasema walisikia akigonga kwa muda. Mimi sijathubutu kuuliza zaidi.

Kwenye mazishi nilienda. Ndiyo, nilienda, na kitenge changu kiunoni kama mfiwa. Mama Nyakundi alipopewa nafasi ya kuongea kando ya kaburi, aliwashukuru majirani, akashukuru kanisa, kisha akanitafuta kwa macho.

"Kuna watu waliingia kwenye ukurasa wetu wakacheka kifo cha mtoto wangu," akasema. "Huyu msichana wetu alilia sana. Msimlaumu. Naomba mumwombee pia."

Watu wakaniombea! Mchungaji akanitaja! Kisha nikapewa sahani ya ugali na nyama, mama mmoja akaniambia, "Kula, mwanangu, umechoka." Nikala. Nilimeza tonge tatu nne, nikakimbilia migombani nikatapika.

Nilipoinua kichwa, yule kijana wa Nyamache alikuwa amesimama pale.

"Ule ukurasa ulidukuliwa na nani?" akaniuliza.

Nikajifuta mdomo kwa kitenge.

"Mimi nilikuwa ukumbini. Ulituonyesha vile vijisanduku vyako kimoja kimoja." Akatazama kule walikokaa wafiwa. "Utamwambia wewe, ama nimwambie mimi?"

Kwa hivyo hata ukweli sikuusema kwa uungwana wangu. Nilisukumwa. Ningeachwa, ningenyamaza mpaka leo, naujua moyo wangu.

Nilimwacha Mama Nyakundi amalize siku za wageni, nikaenda. Nilimkuta na wenzake wawili kwenye makarai, amerudi kazini. Nikachuchumaa mbele yake, nikasema yote. Mashine. Grupu nililolizima. Uongo wa wadukuzi. Mkono wake uliendelea kusugua wakati nikiongea, sauti ya msasa tu, kwaru, kwaru. Kisha ukasimama.

"Asubuhi moja nilikutumia picha ya mjukuu wangu akioga," akasema. "Ukaandika maneno matamu. Haikuwa wewe?"

"Haikuwa mimi, mama."

"Na nilipokuuliza kwenye grupu kama umekula?"

"Sikuona, mama."

Nilitaka anitukane. Nilitaka anirushie yale maji machafu ya karai.

"Sasa sisi tulikuwa tunaongea na nani?" akauliza.

Mwenzake mmoja akatema mate pembeni, akageuza kiti akanipa mgongo. Mama Nyakundi alimwambia mwenzake wa pili, kwa Ekegusii, aniombe neno la siri la ukurasa wao. Nikaliandika kwenye kipande cha katoni, nikaondoka. Hakuna aliyeniaga.

Habari zilifika mjini kabla yangu. Saluni ikaniacha, hoteli ikaniacha. Mama yangu mzazi, alipojua kuwa watu waliniombea kando ya kaburi kwa uongo, alikataa nisimame naye kanisani. Ana haki. Mimi mwenyewe nikijiona kwenye kioo ninachafukwa na moyo.

Ukurasa wa akina mama sasa unaendeshwa na mmoja wao. Maneno yake yana makosa, picha nyingine zimepinda. Nimesoma mtu akimpa pole, naye akamjibu, "Asante, bado tuko na uchungu." Basi. Kitu rahisi hivyo! Nilishindwa nini?

Nyinyi mnaofanya kazi kama yangu, sisemi msitumie hizo programu. Mimi si mjinga, najua zinasaidia. Lakini ukimwambia mtu kwamba wewe ndiye unayemsikiliza, msikilize. Fungua grupu. Tazama picha kwa macho yako kabla haijaenda kwa watu. Kama umechoka, mwambie umechoka, hatakufa. Na siku mashine yako ikikosea, usikimbilie kusafisha jina lako wakati mtu anakuita umletee msaada.

Mimi nilikimbilia jina. Jina lenyewe halikupona, na hakuna mtu Tabaka anayenipigia simu tena.