Mapinduzi Matukufu ya Waingereza

Ameir Makame hakuwa mtu wa historia. Alikuwa dereva wa basi Walthamstow, na basi la Landani linataka mtu wa kutazama mbele, si wa kugeukia wafalme waliokufa zamani. Lakini mwaka 1998, akiwa mgane wa miaka hamsini, watoto wake wamekwisha kuoa na kuhama, aliwajua wafalme wa Ulaya kwa majina yao, kwa ndoa zao na hata kwa maradhi yao. Wenzake gerejini walidhani anasomea mtihani. Mtihani ulikuwapo kweli, ila haukuwa wa karatasi. Alikuwa anampenda Bi Raya.

Bi Raya alikuwa karani wa mapokezi hospitalini, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye miwani ya mnyororo na ulimi mwepesi. Alikuja Landani msichana, kupitia Mombasa, na skuli ya huku ikamjaza wafalme kichwani. Wenzake waliwasahau siku ile ile mtihani ulipokwisha. Yeye akawapenda. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi aliwakusanya Waswahili wa Walthamstow akawapeleka mjini kuwaonyesha majumba, bila malipo yoyote. Alisema inamuudhi kuona mtu anaishi katika mji miaka ishirini na anachokijua ni njia ya kazini na ya sokoni.

Na alivyosimulia sasa! Aliwasimulia wafalme kama jamaa wa mtaani Mkunazini, Unguja: nani kamuoa nani, nani kanuna harusini, nani kamnyima nani urithi. Lui wa Kumi na Nne wa Ufaransa, kwake, alikuwa yule jirani mwenye nyumba kubwa asiyeweza kuona ukuta wa mwenzake bila kutaka kuusogeza. Chale wa Pili wa Uingereza alikuwa na mbwa tele na vimada tele, watoto wa nje hesabu imepotea, wa ndani hata mmoja. Watalii waligeuka kuwatazama watu wazima wenye kofia na mabuibui wakicheka mpaka machozi mbele ya picha ya mfalme. Ameir hakucheka sana. Yeye alikuwa anamtazama msimuliaji.

Baridi ilipopungua mwaka huo alijikaza. Walikuwa wamekaa katika mkahawa wa Mturuki karibu na soko, kamnunulia chai, hata sukari kaikoroga yeye. Akasema moja kwa moja, kwa kuwa kuzunguka hakujui:

"Bi Raya, mimi nataka tuoane."

Raya alicheka kwanza, kisha kicheko kikamtoka usoni. "Nipe muda, Bwana Ameir. Kuna jambo baina yetu, na wewe unalijua."

Alilijua. Kila Mzanzibari wa Landani hulijua bila kuuliza. Akisikia ukoo wa mtu na mahali alipokulia, anajua mwezi wa Januari 1964, Sultani alipopinduliwa, mtu huyo alikuwa upande gani wa mlango. Ameir aliamini kwamba jambo lisiposemwa hufa lenyewe, kwa hiyo akasubiri kimya. Muda ukaenda, majani ya miti yakaanza kudondoka, na jibu hajapewa.

Jumamosi moja ya vuli Raya aliwapeleka Whitehall, akawasimamisha mbele ya jumba refu la mawe lililokuwa la karamu za wafalme. Akawaonyesha chuma cha kutambulisha upepo juu ya paa.

"Haya, sikilizeni ugomvi huu, maana ni wa kwetu kabisa," akaanza. "Chale kafa, kiti kamwachia nduguye, Jemsi. Jemsi Mkatoliki, nchi ya Waprotestanti, tayari moshi unafuka. Ana binti, Meri. Meri kaolewa Uholanzi na Wiliamu. Na huyu Wiliamu, mama yake nani? Dadake Jemsi!"

"Basi kaoa binti wa mjomba wake," akasema Marcelina, muuguzi kutoka Songea, aliyekuwa hakosi Jumamosi hata moja.

"Hapo hapo! Jemsi ni mjomba wake, tena mkwewe. Sasa, mwaka elfu moja mia sita themanini na nane, mke wa pili wa Jemsi kajifungua mtoto wa kiume. Nchi nzima ikasema, hasha, huyu si wao, kaingizwa chumbani ndani ya chombo cha makaa, kile cha kupashia kitanda moto."

"Na asiungue?" Marcelina akauliza.

"Ndiyo uongo wenyewe huo. Lakini waliutaka, basi wakauamini. Wakubwa wakamwandikia Wiliamu, njoo na majeshi. Jemsi akawa kila siku yuko na kile chuma pale juu: upepo ukitoka mashariki, mkwewe yuko njiani. Ukatoka mashariki. Wiliamu akaja, maafisa wa Jemsi wakahamia kwake, na binti mdogo wa Jemsi naye akahama. Mzee wa watu akavuka usiku kwenda kwa Lui, kuomba pa kulala. Na humu ndani ndimo Wiliamu na Meri walimopewa taji, lakini wakasomewa kwanza haki za raia. Maana siku hizo wenye akili zao walikuwa wameanza kusema ufalme ni amana, si shamba la baba. Ukiiharibu amana, unanyang'anywa."

"Maneno hayo!" akasema Ameir, yamemwingia kwelikweli. "Na Waingereza wenyewe mambo haya wanayaitaje?"

Raya akairekebisha miwani yake. "Wana jina lao."

"Jina gani?"

"Glorious Revolution," akasema, haraka, akitazama magari.

Ameir akapiga paja lake kwa furaha, kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. "Yaani Mapinduzi Matukufu! Kumbe na wao wanayo!"

Alitafsiri sawasawa, hakuna mkalimani ambaye angemkosoa, na balaa lilikuwa papo hapo. Kwa Mzanzibari maneno hayo mawili hayana kazi nyingine. Ni ya siku moja tu, ya Januari ile. Yamesemwa redioni, yameandikwa kwenye vitambaa, yamehutubiwa miaka nenda miaka rudi. Raya alikuwa amewasimulia wafalme kwa miaka, na kila alipofika hapo aliruka, akasema "ile patashika" akaendelea. Leo mtu aliyeomba kumuoa alikuwa amemwekea neno lile mbele ya miguu yake, tena anatabasamu.

"Ndiyo," akasema Raya. "Matukufu." Akaukunja mwavuli wake ingawa manyunyu yalikuwa hayajakatika. "Leo tuishie hapa. Kila mtu njia anaijua." Akaondoka kuelekea stesheni bila kuaga.

Marcelina alimgeukia Ameir. "Kaka, wewe basi unaliendesha vipi, na breki huna?"

"Nimetafsiri tu!"

"Umetafsiri," akasema Marcelina, akamfuata Raya.

Ameir alirudi nyumbani amenuna. Usidhani alijuta papo hapo, alikasirika. Yeye alikosa nini? Baba yake, Makame, alichuma karafuu za wenyewe Kizimbani mpaka mgongo ukapinda. Baada ya Januari ile alipewa na serikali mpya eka tatu, akawa anazizunguka jioni na kuzigusa kama mtu anayemkagua ng'ombe mpya. Ameir alivaa viatu kwa mara ya kwanza akaenda sekondari. Baadaye njaa na vitisho vya serikali vilimtoa nchini yeye pia, na hakuwahi kuyaficha hayo, lakini zile eka tatu alizikanyaga kwa miguu yake. Sasa azikane kwa sababu ya mwanamke? Alipika wali ukaungua, akaula hivyo hivyo kwa hasira.

Kesho yake alishuka chini kwa Margaret, kikongwe wa Kiailendi aliyekaa ghorofa ya chini. Walikuwa na desturi yao: Ameir analeta chapati, Margaret anatoa chai nzito na siagi. Ameir, akitafuta mtu wa kumwunga mkono, akamwuliza kwa Kiingereza chake cha gerejini kama aliwahi kusikia kwamba Waingereza nao walikuwa na mapinduzi yao matukufu.

Margaret akaliweka birika mezani kwa kishindo. "Matukufu? Nani kakwambia matukufu? Usiseme neno hilo jikoni kwangu."

Ikawa kama kafungua bomba. Alimtukana Wiliamu, akamtukana na Jemsi, mfalme gani huyu, amekuja Ailendi kuwaomba watu wamwage damu kwa ajili yake, vita vilipomgeukia kwenye mto Boyne akawa wa kwanza kukimbia. Akaeleza jinsi mji wao wa Limeriki ulivyozingirwa, watu walivyoweka silaha chini kwa ahadi iliyotiwa saini, na ahadi ilivyovunjwa kabla wino haujakauka, wakanyang'anywa mashamba na kunyimwa dini yao. Chai aliimimina mpaka ikafurika kisahanini. Ameir aliingiwa na huruma.

"Pole sana, Margaret," akasema. "Baba yako alikuwapo?"

Margaret akamkodolea macho. "Baba yangu? Ilikuwa mwaka elfu moja mia sita tisini na moja."

Kisha Margaret akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ubao wa meza, na Ameir naye akacheka, maana alijiona mjinga. Lakini kicheko kilipokwisha alibaki ameshika kikombe bila kunywa. Miaka mia tatu, mama huyu hajamwona mtu hata mmoja aliyekufa huko, na bado neno moja linaweza kumpandisha hasira hivi jikoni kwake. Raya aliyaona ya Januari ile kwa macho yake mawili, na haijapita hata miaka arobaini. Ameir aliona aibu. Aibu hiyo haikuwa ya eka tatu. Ilikuwa ya kimya chake, kile alichokuwa akikiita subira.

Jumapili iliyofuata alikwenda kwa Raya.

"Hodi."

"Nani?"

"Ameir."

Mlango ulikawia kufunguliwa. Raya alikuwa na kanga begani na uso usio na karibu, ila alimpisha. Ameir hakukaa kitako.

"Sikuja kukwambia neno lile ni la uongo," akasema. "Nikisema hivyo nitakuwa nakudanganya, na utajua. Mimi na baba yangu siku ile ilitutoa shimoni. Siwezi kuikana."

"Sijakwambia uikane." Raya alizungumza polepole, yeye ambaye maneno hayakumpa shida maisha yake yote. "Mie n'nakwambia yangu. Nilikuwa mtoto wa skuli. Walikuja watu mlangoni, wakamwambia baba anaitwa mara moja. Akavaa makubadhi yake akatoka. Mama akaifunika chai yake kwa kisahani, isipoe. Mpaka tunaingia chomboni kwenda Mombasa, kile kikombe hakuna aliyethubutu kukiosha."

Ameir aliinamisha kichwa.

"Na tangu hapo," Raya akaendelea, na sasa hasira ilikuwa imempata, "nyie wa upande wenu mnanijua mimi ni yule ambaye babake alipotea. Alipotea! Kama mwavuli kwenye basi lako. Miaka yote hii, misiba yote tuliyokaa pamoja, Idi zote, hakuna mmoja aliyeniuliza kitu. Hata wewe, na unataka kunioa."

"Ni kweli," akasema Ameir. "Niliogopa. Basi nakuuliza leo. Baba yako aliitwa nani?"

Ni swali dogo, karani yeyote huliuliza. Lakini mwanamume wa Unguja akimuuliza swali hilo mwanamke aliyemposa, wote wawili wanajua linakoelekea, kwa kuwa ndoa haifungwi kwa jina la mwanamke peke yake. Shehe atataja binti wa nani, kwa sauti, mbele ya mashahidi. Raya alisimama akiushika mnyororo wa miwani. Ameir akajiambia kwamba akinyamaza huyu, basi, atashuka ngazi na hatarudi kumsumbua tena.

"Nassor," akasema Raya. "Nassor bin Khalfan bin Seif. Alikuwa na duka la nguo Mahonda."

Ameir akainua mikono yake. Mtoto wa Makame mchuma karafuu akamsomea Fatiha Nassor wa Mahonda, kwa jina lake, pale pale amesimama na koti lake la kazi, na Raya akalia kwa sauti, kilio cha mtoto wa skuli. Ameir hakumnyamazisha. Alipomaliza alijipangusa uso, akangoja mpaka Raya naye atulie.

"Raya binti Nassor bin Halfani bin Seif," akasema kwa uangalifu.

"Khalfan," Raya akamsahihisha, akipenga kamasi kwa ncha ya kanga. "Kha. Itoe kooni. Hutaniaibisha mbele ya shehe na kishamba chako cha Kizimbani. Hebu sema tena."

Akasema tena, akakosea, akarudia, naye Raya akawa anamsikiliza mpaka jina la baba yake likakaa sawa mdomoni mwake.