Kingojo

Kwanza mnisamehe mwandiko huu unaopanda na kushuka, na herufi nitakazosahau. Niliishia darasa la sita, na kalamu yangu hutembea polepole. Lakini ninyi mliokua nami mtaani Kamalondo mtanielewa.

Enzi zetu, king'ora cha kiwanda ndicho kilichotuamsha. Moshi wa shaba ulitukwaruza koo hadi uwanja wa shule, tukaimba nyimbo za chama huku tukipiga makofi, kisha tukabanana watatu kwenye dawati moja. Mnakumbuka mboga ya lengalenga, na bukari, ugali wetu, ya moto iliyotuunguza vidole? Watoto wa leo wanaomba kijiko.

Baba yangu alikuwa mchuuzi. Alipanda treni ya Sakania, kule mpakani, kutafuta unga na sabuni, akasema atarudi Jumamosi. Jumamosi nyingi zilipita. Kila mchana mama alimpakulia, akaifunika sahani yake ya bluu kwa sahani nyingine. Hatukuthubutu kuigusa. Jioni alikirudisha chakula chunguni, na kesho akaanza tena.

Siku moja Mwalimu alitufundisha kutoa majina katika vitendo. Kufunika, kifuniko. Kuziba, kizibo. Hayo, alisema, ni majina ya vitu, yanagusika. Kupenda, upendo, kuchoka, uchovu: hayo hayana mwili. Akataka kila mmoja alete jina lake. Mimi, mwenye haya kuliko wote, nilinyoosha mkono.

"Kungoja, kingojo," nikasema. "Kinagusika."

"Kingojo iko kitu gani?"

"Iko sahani ya baba, Mwalimu."

Darasa zima lilicheka. "Ee Kingojo! Baba yako amefika mu sahani?" Hadi naacha shule, hilo ndilo lilikuwa jina langu. Mwalimu alisema kungoja hakuna mwili, akalikata neno langu daftarini kwa wino mwekundu.

Nyumbani nilimsimulia mama nikilia. Nilitaka tu aniambie kwamba sikukosea. Aliitazama ile sahani kama mtu aliyeonyeshwa kitu kwa mara ya kwanza. Kisha akaifunua, akanisogezea.

"Kula, mutoto yangu. Bukari inapola bure."

Nilikula. Ilikuwa baridi, na niliimaliza yote. Kesho yake hakumpakulia baba tena, wala hakumtaja. Tangu hapo najiuliza kama ni mimi niliyemkata baba pale mezani, kwa neno langu.

Siku hizi mama hayupo. Watoto wa yaya wangu, dada yangu mkubwa, wanajifunza majina yale yale, na wanayajua kunishinda. Sahani ya bluu wanaichezea uani, wanachotea mchanga. Hawajui ni ya nani. Nawanyang'anya, naiosha.

Kama kuna msomaji wa Sakania aliyemwona mtu mrefu, mwenye mwanya, anayecheka kabla ya kusema, aniandikie, hata mistari miwili. Mwandiko mbaya si kitu. Mwambieni sahani yake iko. Nimeifunika.