Mikate ya Mgonjwa

Baada ya Vita Kuu ya Pili mume wangu alipata kazi mgodini Geita. Kambini kwetu kila mgonjwa alipelekewa mkate wa ngano. Mimi niliharisha na kukonda, na kadiri nilivyokonda ndivyo majirani walivyozidi kuniletea mikate. Niliila yote, ningekataaje heshima?

Mama mkwe akaja kuniuguza kutoka Shinyanga, na gunia la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Alipoonja mkate, basi! Akawa anaimaliza mikate yote, mimi ananichemshia michembe. Nilinuna kwelikweli. Mwezi haukuisha, nikanenepa.

Uzeeni daktari aliniambia tumbo langu halipatani na ngano. Nilicheka mpaka akashangaa. Kule kambini majirani walidhani mama mkwe alinipa mitishamba. Kumbe kilichoniponya ni ulafi wake.