Tandiko Juu ya Kaburi la Froilán
Mencía alitoka na tandiko la punda begani, na kijiji kizima kikamfuata mpaka kanisani. Kwa mkono mmoja alimshika bintiye, Olalla. Tandiko lenyewe alilishona marehemu mumewe, Froilán, fundi wa matandiko.

Kwao Mencía walikuwa mahidalgo, waungwana wasiotozwa kodi ya mfalme. Alipoolewa na Froilán cheo kilimtoka, na kwa miaka kumi na sita hakujali. Lakini Froilán alikufa wakati wa mavuno, na jana mtoza kodi alimtia ng'ombe wao wa kulimia alama ya kukamatwa. Ng'ombe wa muungwana hakamatwi. Mjane aliyezaliwa muungwana hurudishiwa cheo chake, ila ni lazima kwanza ampige marehemu kwa tandiko, juu ya kaburi lake, na kumkana.

"Mara tatu, dada," alinong'ona kaka yake, Don Tello. "Na yale maneno uyaseme kwa sauti. Kwenu tunakungoja."

Froilán alizikwa chini ya sakafu ya kanisa. Mencía alidhani mkono utamgomea. Haukugoma. Kwa pigo la tatu mshono wa tandiko ulifumuka, majani makavu yakamwagika juu ya jiwe la kaburi.

"Mtu duni wewe," alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "baki na uduni wako, nirudishie uungwana wangu."

"Yesu na Maria!" mwanamke mmoja aliguta. "Na alivyompenda yule!"

"Kapiga kama anapura ngano," jirani yake akajibu.

Nyumbani kwa Don Tello divai ilikuwa tayari. Mencía aliingia, akapewa kikombe. Olalla aliponyanyua mguu, mjomba wake aliziba mlango kwa mkono.

"Wewe pitia zizini, binti. Utakula na watumishi."

"Tello! Mpwa wako huyu!"

"Ni mtoto wa fundi matandiko. Mtoto hufuata baba. Umerudisha cheo chako, siyo chake. Kwani hukujua?"

Hakujua. Olalla hakumtazama mjomba. Alimtazama mama yake, macho makavu.

"Mama, yale maneno ya kanisani, ulikuwa unanisema na mimi?"

Mencía aliweka kikombe kizingitini, akatoka mbio.

Kanisani padri alikuwa ameanza kufagia yale majani, tandiko bado liko juu ya kaburi.

"Niachie, baba," Mencía alimwambia. Alipiga magoti juu ya kaburi, akawa anaokota majani na kuyarudisha ndani ya tandiko, unyasi mmoja mmoja. Olalla alikuwa amemfuata, lakini alisimama mlangoni, hakuingia.