Mkanda wa Binzari

Mwalimu wa michezo amekufa, na nilikwenda kumzika kwa sababu alikuwa jirani wa dada yangu, si kwa sababu nyingine. Nilikaa nyuma kabisa na wanawake wenzangu, tukamenya ndizi. Mchana kijana mmoja mwenye kipaza sauti akatangaza kwamba yupo hapa bibi ambaye marehemu alimvika mkanda wa kwanza wa judo katika kata hii nzima, basi aje aseme neno la shukrani. Watu wakageuka kuniangalia. Nikasema mguu unaniuma. Wakasema wataniletea kipaza sauti hapo nilipo. Nikasema na koo linaniuma.

Sasa wewe unayenijua utaniuliza, kwani mtu mzima hawezi kusema maneno mawili ya uongo juu ya maiti? Anaweza. Nimeyasema kwenye misiba mingi. Ya yule ndiyo hayakutoka. Majina ya wote waliokuwapo ninayo kichwani, ya watoto wote wa darasa la nne, ya baba zao, hata ya ng'ombe wao, lakini sitaandika hata moja. Wana wajukuu, na wajukuu wao wanajua kusoma kuliko mimi.

Ilikuwa miaka ya ujamaa. Kijiji chetu kiko mlimani, ukitoka Muleba unapanda mpaka ulione ziwa. Shule ilikuwa ya mapadre, serikali ikaichukua, msalaba ukabaki juu ya mlango kwa kuwa hakuna aliyetaka kupanda kuutoa. Asubuhi tulipiga deki, tukachota maji, tukaenda shamba la kijiji kupalilia, ndipo tukasoma. Msimu wa kahawa kijiji kizima kilinuka kahawa mbivu, ule utamu wa kuchachuka unaokaa kwenye nywele. Siku lori la Kemondo, bandarini, likipita tulikula dagaa. Siku nyingine ndizi na maharage, na hatukulalamika, kwani nani angesikiliza?

Tata, yaani baba yangu, alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Mtu mrefu, mwenye koti hata wakati wa jua. Akikohoa nje ya nyumba, ndani kila mtu alitafuta kazi ya kushika.

Huyo mwalimu alitujia akitokea kambini, jeshini, ambako mzungu mmoja alimfundisha judo miezi michache. Alikuwa na mkanda mweusi. Nani alimpa, sijui. Akamwambia Tata kwamba taifa jipya linataka wasichana wakakamavu, na Tata, ambaye nyumbani hakutaka msichana hata apige mluzi, akakubali, kwa sababu maneno hayo aliyasikia pia redioni. Akatoa ghala la kahawa la kijiji. Tukajaza majani makavu ya migomba kwenye magunia, tukayashona pamoja, likawa godoro kubwa lililokwaruza visigino. Mama zetu walishona mashati mazito ya amerikani. Katekista alisema kanisani kwamba wasichana wanaobiringishana watazaa kwa taabu. Nimezaa saba bila taabu yoyote, lakini naye amekufa, hakuna wa kumwonyesha.

Jambo la kwanza katika judo ni kuanguka. Hilo walau yule mwalimu alilijua. Unakunja kidevu kifuani, unazungusha bega, na mkono wako unapiga gunia kwa kiganja wazi, pa, ili maumivu yaishie mkononi yasifike mgongoni. Wiki nzima tulianguka tu. Aliyejua kuanguka kuliko wote alikuwa binti wa jirani yetu, mtoto wa mjane, msichana mwembamba mwenye masikio makubwa. Tulichota maji chemchemi moja tangu tukiwa wadogo. Alikuwa akianguka unasikia ule mlio mmoja tu, safi, na kabla hujapepesa macho amesimama tena, anakucheka. Mimi nilianguka kama gunia la viazi. Alikuwa akinishika kichwa kwa mikono yake miwili, ananikunja kidevu, anasema, "Shingo, dada, shingo. Hiyo si ya kukopesha."

Wiki ya pili Tata alipita ghalani. Akasimama mlangoni wakati ule ule binti wa jirani ananipitisha juu ya kiuno chake, na mimi nikatua chini miguu juu. Mama yake huyo msichana alikuwa amegombana na Tata mbele ya mkutano, amekataa kuja shamba la kijiji siku ya kuvuna kahawa yake mwenyewe. Kwa hiyo unaelewa Tata aliona nini pale. Hakuona mchezo. Akamwita mwalimu kando, akaongea kwa sauti ya chini, la mwisho tu ndilo tulilisikia.

"Mwanangu haanguki. Umesikia, mwalimu?"

"Nimesikia, waitu," akajibu, kama tunavyomjibu mkubwa.

Tangu siku hiyo sikuangushwa tena. Mimi nilishika kola, nikazungusha kiuno, wenzangu wakaenda chini mmoja mmoja kama foleni ya chumvi. Mwalimu aliwakonyeza. Ikiwa zamu yangu ya kuanguka imefika, alinituma kuhesabu majembe. Mtu anaweza kudhani mtoto hufurahi kwa hayo. Mwili unajua. Usiku nikilala nilijua kwamba mgongo wangu haujawahi kujifunza kitu.

Ikakaribia Saba Saba. Mgeni rasmi angetoka Bukoba, na mwalimu akatuambia mgeni hawezi kuona watoto wote wana mikanda myeupe, atauliza maendeleo yako wapi. Ingekuwa bado miezi mingi kabla ya yeyote kati yetu kustahili mkanda wa rangi, alitueleza hivyo mwenyewe siku ya kwanza. Sasa akasema yupo mmoja aliyewahi. Sote tukamtazama binti wa jirani. Akalitaja jina langu.

Mkanda wenyewe ulikuwa kipande cha amerikani kilichochemshwa na binzari kutoka duka la Mhindi pale Muleba. Ulikuwa wa njano kali, na ulinuka mchuzi. Nikitoka jasho rangi ilihamia kwenye shati, kisha kwenye tumbo. Wenzangu hawakuhitaji kutafuta utani mbali. Mmoja aliniuliza kama nimeshaiva au waongeze kuni. Mwingine alinusa hewa nilipopita, akasema leo nyama ipo. Chemchemini walisogeza mitungi yao, nikabaki na nafasi kubwa peke yangu. Binti wa jirani hakunitania. Aliacha kunisubiri njiani. Siku moja tu tulikutana kwenye kijia chembamba, akajibana kwenye migomba, akasema, "Pita wewe kwanza, una cheo."

Nilikwenda kwa mwalimu. Nilimwambia sijui kuanguka, naomba anifundishe hata jioni, hata wakati wa kula. Alikuwa ananyoa ndevu kwa kioo kidogo, hakugeuka. Alisema mwenye mkanda haangushwi, kwa hiyo kuanguka si kazi yake. Ndipo akaniangalia kwenye kioo. "Na usimsumbue mzee kwa haya." Mpaka leo ninauona ule uso nusu una povu.

Nikamwambia mama. Mama alikuwa anamenya, akaendelea kumenya. Akasema, "Mwana wange, mkungu uliokatwa mchanga hata ukiuvundika hauivi, unaoza." Nikadhani basi atanisaidia. Akasema nimwambie Tata mwenyewe, yeye amechoka kupigwa kwa ajili ya maneno ya watu wengine. Jioni nikampelekea Tata kibuyu chake cha lubisi, pombe yetu ya ndizi, nikapiga magoti kama ilivyotakiwa, nikaweka. Akaniuliza kama kuna jambo. Nikasema hakuna.

Siku ya Saba Saba uwanja ulijaa. Ngoma zilipigwa, wazee waliimba, gwaride likapita na majembe begani. Godoro letu likatolewa ghalani likatandazwa juani. Mwalimu alikuwa amepanga: mimi na binti wa jirani, nitamwangusha mara tatu, tunainama, tunatoka. Alimwonya yule msichana kwamba akicheza vibaya atakiona.

Hakucheza vibaya. Hapo ndipo ulipo ubaya wake. Nilipomshika kola tu, kabla sijavuta, kabla sijaweka kiuno, akaanguka. Pa. Akalala chali, ametulia, anatazama mawingu. Kicheko kikaanzia kwa wanawake wa nyuma. Tata alikuwa amekaa kando ya mgeni. Mwalimu akacheka kwa meno, akasema turudie. Nikanyoosha mkono, na safari hii hata sikumgusa. Akaanguka tena, vizuri kuliko mara ya kwanza. Mgeni mwenyewe akaziba mdomo kwa karatasi ya hotuba. Sauti ya mzee mmoja ikasema kwamba mtoto wa mwenyekiti anaangusha watu kwa harufu.

Mara ya tatu mwalimu alimpitia karibu, akamwambia kitu sikioni. Msichana akasimama. Nikamshika, nikavuta kwa hasira yote niliyokuwa nayo, kwake, kwa mwalimu, kwa Tata na koti lake. Hakuanguka. Wala hakunigusa, nataka uelewe hilo, maana baadaye walisema alinitupa. Alisimama tu kama mtu anavyosimama mlangoni kwake. Mimi ndiye niliyezunguka na nguvu zangu mwenyewe, mguu ukateleza kwenye gunia, nikaenda chini. Nilinyoosha mkono kuzuia ardhi, kitu ambacho mtoto wa wiki ya kwanza hakifanyi. Nikausikia mtulinga, mfupa wa bega, ukikatika.

Mganga wa mifupa alinifunga kwa vijiti na kamba za mgomba, nikalala miezi miwili nikiangalia moshi kwenye dari. Sikurudi shule. Tata hakuniuliza kama ninataka. Mwalimu aliniletea sukari, akakaa na Tata, wakakubaliana kwamba lilikuwa kosa la binti wa jirani. Jumatatu iliyofuata Saba Saba mwalimu alikuwa ameshamchapa mbele ya shule nzima, akahesabu kwa sauti.

Binti wa jirani alikuja kuniona. Aliingia kwa mlango wa nyuma wakati wanaume wako mkutanoni, akasimama, hakutaka kukaa. Alisema wanahama, mama yake amechoka, wanakwenda kwa wajomba upande wa Biharamulo. Kisha akaniangalia lile bega.

"Ungekataa," akasema.

"Tata angenipiga."

"Mimi nimepigwa."

Akatoka. Nilisikia miguu yake kwenye majani makavu mpaka kwenye kijia, kisha sikuisikia.

Ghala halipo, walichukua mabati kwanza, halafu milango, halafu mawe ya msingi. Kahawa wengi wameing'oa. Migomba inanyauka, unakata mgomba unatoa usaha wa njano, na ndizi ya kweli siku hizi unaitafuta kama dawa. Chemchemi wameijengea bomba, na bomba halitoi maji. Haya ninakusimulia bila uchungu, ni mambo ya dunia. Tata naye nilimzika vizuri, nikalia inavyotakiwa.

Lakini lile jibu langu linanichukiza mpaka leo, kuliko mwalimu, kuliko wote waliocheka. Nimetunga jingine mara nyingi, nikipalilia, nikianika maharage, nikinyonyesha. Ni jepesi kabisa, mtoto wa darasa la nne angeweza kulisema amelala hivyo hivyo na vijiti vyake: kweli, ningekataa. Niliwahi kutuma salamu Biharamulo kwa watu wa basi, mara tatu. Wa kwanza alisema hawajui hao watu. Wa pili alisema walishahama tena. Wa tatu hakurudi na jibu lolote, nami nikaona haya kumuuliza.