Magadi Jikoni kwa Memsahib

Aibu hii nimeibeba miaka mingi, na mke wangu akiisimulia hucheka mpaka anakaa chini, kwa hivyo afadhali mnisikie mimi mwenyewe kabla yake, maana yeye huongeza chumvi.

Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa mpishi wa wazungu kule Mau Narok, na nilikuwa nimechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka sawa, nilichoka miguu na roho. Memsahib, bibi mwenye nyumba, alikuwa na bustani nyuma ya nyumba, na kila mwaka kabla ya baridi ya Julai alitaka mboga zote ziingie kwenye chupa zisioze, maharagwe mabichi, karoti, matango, hata mnanaa ukaushwe na kufungwa mafungu (eti kwao theluji ikianguka hakuna kinachoota, na mimi nikichungulia dirishani naona bustani inaota mpaka inakera). Nilikuwa nimesikia kuna kazi katika hoteli moja mjini Nakuru, ila walitaka barua ya tajiri wangu. Nikamwomba Memsahib. Akasema, "Maliza chupa kwanza, mpishi. Barua baadaye."

Basi nikaanza na maharagwe. Kuni zilikuwa mbichi, moshi umejaa macho, na maharagwe yamekataa kuiva, nami nikamkumbuka mama yangu, ambaye mboga ngumu hazikumsumbua hata siku moja, alitupia kipande cha magadi kwenye chungu akaenda zake. Nikatia magadi. Kipande kidogo tu, kama ukucha wa kidole gumba! Maharagwe yakaiva upesi, tena yakatoka kijani kibichi utadhani yangali shambani.

Memsahib akainua chupa kwenye mwanga, akauliza kwa Kiswahili chake cha kizungu, "Mpishi! Hii rangi natoka wapi?"

Hapo ndipo ningesema ukweli. Lakini kwa Memsahib magadi yalikuwa kitu cha kulambwa na ng'ombe, na barua ilikuwa bado haijaandikwa. Nikasema, "Ni mkono tu, Memsahib."

Huo mkono ukasifiwa shamba hadi shamba. Jumamosi wakaja mabibi sita, wamevaa kofia, kuutazama ukifanya kazi. Mke wangu aliitwa aje kusaidia kuteka maji, na alipoona ninasaga magadi nyuma ya stoo akaniambia, "Baba Esta, waambie tu ni magadi. Magadi si wizi."

"Nitawaambia nikishapata barua," nikamjibu, na nikajaza mfuko wa aproni (nilijaza kweli, kwa sababu macho yalikuwa mengi na niliogopa rangi isitoke).

Mabibi wakajipanga jikoni, mmoja ameshika uma anakula yale maharagwe ya chupa na kuyasifu. Memsahib akatangaza, "Leo nafanya matango." Matango yalitaka siki, na siki ilikuwa tayari inachemka kwenye sufuria. Sasa, kwetu hatukuwa na siki, mama hakuipika, na mimi sikuwahi kuikutanisha na magadi. Nikainama kama mtu anayenusa mvuke, nikatupia konzi nzima.

Jamani! Sufuria ilinguruma, povu likapanda, likamwagika kwenye jiko, likazima moto, likashuka sakafuni mpaka kwenye viatu vya wageni. Mmoja akapiga mayowe. Nikaweka kifuniko, povu likakisukuma pembeni, nikavua aproni nipanguse, na mfuko ukamwaga unga wote uliobaki mbele ya kila mtu. Memsahib akachukua kidogo kwa kidole, akaonja.

"Hii ya ng'ombe," akasema polepole. Yule wa uma akauweka mezani. "Mkono tu, eh?"

Nilitamani sakafu inimeze. Huko nje, nyuma ya tangi la maji, nilimsikia mama Esta akicheka peke yake.

Barua aliniandikia siku iyo hiyo, ukurasa mzima kwa Kiingereza, na kwa kuwa Kiingereza chenyewe sikusoma, nilifurahia urefu wake. Nikafunga mzigo, tukashuka Nakuru. Meneja wa hoteli aliisoma mara moja, akaisoma tena, akampa karani wake, na karani akanifasiria mbele ya wapishi wote waliokuwa wanangoja kazi: "Anasema wewe ni mpishi hodari na mwaminifu kwa kila kitu, isipokuwa ukiulizwa umeweka nini kwenye chakula."

Wapishi wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nikapewa karai la vyombo, na nikaosha sahani miaka miwili bila kuruhusiwa kugusa sufuria yenye kitu ndani.

Siku hizi mtu akionja chakula changu akauliza nimetia nini, namtajia kila kitu, hata maji.