Baiskeli Iliyonunuliwa kwa Mahamri Yangu

Nilipomaliza eda ya talaka nilikuwa bado msichana kwa umri, na nilikuwa nimeshachoka kuishi kwa mama kama mgeni ambaye watu wanangojea aage. Ilikuwa Kisauni, miaka michache kabla ya uhuru. Wanaume barazani walibishana nani atatawala nchi, na mimi nilitaka kutawala chumba kimoja tu. Nilikuwa nimeshakipata, Mtopanga, kwa mjane aliyepangisha wanawake tu. Alikubali kuniwekea mpaka mwisho wa mwezi.

Riziki yangu ilikuwa mahamri. Kupika kidogo kidogo kwa mama kulinipa nauli na sabuni, basi. Ili niweze kulipa kodi ilinipasa kuanza na gunia zima la unga na debe la mafuta, na hakuna mwenye duka anayempa mtu gunia kwa mkopo kwa sababu ana uso mzuri. Lazima akujue kwanza. Kwa hiyo nilijijulisha. Mwaka mzima nilichukua unga na sukari Jumamosi nikalipa Ijumaa, na sikuchukua zaidi ya nilichojua nitakiuza. Wiki moja mvua ilinyesha mfululizo, vibarua hawakupita, mahamri yakalala. Niliuza kanga zangu mbili za harusi, mpya kabisa, Ijumaa nikalipa.

Siku ya kwanza kabisa kaka yangu ndiye aliyenipeleka dukani, maana haikuwa adabu mwanamke kwenda kukopa peke yake. Alimwambia mwenye duka, mzee tuliyemwita Ami, kwamba mimi ni dada yake, nipewe, na yeye yupo. Nilidhani ni maneno ya kutambulishana tu. Yupo! Alikuwepo kweli, kila asubuhi, mkekani, akila mahamri manne bila kutoa hata senti.

Siku chache kabla ya mwezi kwisha nilikwenda kwa Ami, nikamwamkia shikamoo, nikamweleza habari ya chumba na ya gunia. Alinisikiliza vizuri. Kisha akaniambia, kwa upole uleule aliokuwa akinipimia sukari, kwamba gunia haliwezekani. Kaka yangu alikuwa amechukua baiskeli mpya mjini, ya kulipa kila mwezi, na Ami ndiye aliyemdhamini. Sasa miezi miwili hajalipa, na muuza baiskeli anamdai Ami.

Nilimuuliza ilikuwaje akamdhamini mtu asiyelipa hata kahawa anayokunywa.

"Mbona nyinyi mwalipa vizuri, mwanangu," akasema. "Mwaka mzima kakako hajaniangusha hata Ijumaa moja."

Wallahi nilitaka kuipindua ile mizani. Kakangu! Kila senti niliyomtia Ami mkononi ilinuka mafuta ya karai langu, naye alimhesabia mwanamume ambaye hata kijiko cha unga hakupata kukibeba. Sikulia. Nilikuwa na hasira za kunikausha machozi.

Nyumbani mambo yakawa mabaya zaidi. Kaka alisema atalipa, inshallah, akaendelea kula. Mama alinivuta chumbani akanisihi nilipe mimi ile miezi miwili, kwa akiba yangu ya kodi, nyumba yetu isije ikaaibika. Chumba kingengoja, alisema. Nilimuuliza kingengoja nani, maana mjane yule hakuwa mama yangu wala shangazi yangu. Akaniambia nina moyo mgumu. Nampenda mama yangu, Mungu amrehemu, lakini neno lile sijalisamehe vizuri mpaka leo.

Ijumaa iliyofuata kaka alikwenda msikitini kwa miguu, na kutoka huko alikuwa na desturi ya kupitiliza kwenye mpira. Nilivaa buibui, nikaitoa baiskeli ukumbini, nikaikokota mpaka dukani. Sikujua kuipanda. Pedali ilinipiga muundi njia nzima. Wanaume waliotoka kusali walinitazama, nami niliwatazama. Nikaiegemeza kwenye meza ya Ami, na juu ya meza nikaweka pesa ya unga wa wiki ile.

"Hii ya kaka, mrudishie aliyeiuza," nikasema. "Na hizi zangu. Sasa nipe gunia, Ami."

Alikuna ndevu. Akalalamika kwamba magurudumu yamekwisha. Kisha akachungulia barabarani nyuma yangu, na nikajua anamtafuta nani.

"Hakuna anayekuja," nikamwambia. "Mwaka mzima ni mimi niliyekuwa nikija."

Hakunipa gunia zima. Alinipa nusu, na nusu debe la mafuta, akasema nyingine atatoa nikilipa hizo. Sikumshukuru, nilikuwa nimeshazilipia kwa mwaka. Nilimwita mwenye mkokoteni, tukapakia, nikapita kwa mama kuchukua karai na nguo zangu, nikaenda Mtopanga kabla jua halijatua.

Nilihadithiwa baadaye kwamba kaka aliporudi jioni ile aliulizia baiskeli yake kwa kelele za kuamsha mtaa. Mimi aliniulizia kesho yake asubuhi, alipokosa mahamri.